Uvungu wa Gari na Hesabu Tuliyoiacha Ubaoni

Mgeni anayeshuka Voi siku ya Jumamosi na kusimama kwa muda karibu na kituo cha magari hatakosa kuona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea hata hatulioni tena. Magari ya mji huu yamesimama juu ya miguu mirefu. Probox ya kubebea abiria wa Mwatate na Wundanyi imeinuliwa nyuma kama panzi anayejiandaa kuruka. Pikapu ya muuza ndizi wa Taveta imeongezewa springi mpaka mtu mfupi hawezi kutia mzigo ndani bila kukanyaga jiwe. Nalo Land Cruiser la watalii, linaloingia Tsavo Mashariki alfajiri na kurudi jioni likiwa jekundu kwa vumbi, lina magurudumu ambayo kimo chake kinakaribia kifua cha mtoto wa darasa la tatu. Vijana wanaopiga gumzo hapo hawaulizi gari lina injini gani. Wanainama, wanachungulia chini, kisha mmoja wao anatoa hukumu: “Hili lina uvungu.”

Uvungu ni neno zuri, na nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wasilipuuze. Wazee wetu walilitumia kwa ile nafasi iliyo chini ya kitanda, mahali pa kufichia sanduku na pa kulala paka. Mafundi wa gereji wamelichukua na kulipa kazi mpya bila kumwomba mtu ruhusa. Uvungu wa gari ni ile nafasi iliyopo kati ya ardhi na kiungo cha gari kilicho chini kuliko vingine vyote. Kwa neno hilo moja fundi ametaja kipimo ambacho vitabu vya wahandisi hukieleza kwa sentensi nzima.

Wala tusiwacheke vijana hao. Wilaya hii ya zamani, ambayo tangu 2013 imekuwa kaunti, imewafundisha watu wake kuuthamini uvungu. Voi iko mita mia sita hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Vuria, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kinapita mita 2,200. Kati ya viwili hivyo kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua inyeshapo, kuna makorongo yaliyokauka ambayo hujaa maji kwa dakika chache, na kuna njia za vijijini ambazo mvua ya masika huzichimba mitaro mirefu katikati. Upande wa nyika ndiyo Tsavo, mbuga iliyotangazwa 1948, mwaka uleule ambao gari la kwanza la Land Rover lilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Tangu hapo mbuga na gari hilo zimekuwa kama mke na mume: wanagombana kila siku na hawaachani.

Kisha kulikuwa na mbio za Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipita katika milima yetu ya Taita. Sisi tuliokuwa watoto tulikesha kando ya barabara tukisubiri dakika moja ya kelele na vumbi. Magari yale yalikuwa yameinuliwa, yamefungwa vyuma mbele, na mengine yalipandishiwa bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa ili yasinywe maji mtoni. Tulichokiona ni kimo. Hatukuona, na hakuna aliyetuambia, kwamba nyuma ya kimo kile palikuwa na wahandisi waliobadilisha vyuma, mihimili, paipu na breki za gari zima ili zilingane na urefu mpya. Mbio hizo zilipoondolewa katika orodha ya mashindano ya dunia baada ya 2002, na hata ziliporejea 2021 huko Naivasha, kimo kile kilikuwa tayari kimekaa katika macho ya vijana wetu kama kipimo cha uanaume wa gari.

Naandika haya nikiwa mtu aliyeungua, si mtu aliyesimuliwa habari za moto.

Mwaka 2008 nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja iliyo mbali kidogo ng’ambo ya Wundanyi, mahali ambapo lami hukuacha na kukuambia kwaheri. Nilinunua Land Rover kuukuu, lile refu la miaka ya sabini, lenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mbele na nyuma. Lilikuwa gari la kazi. Shule ililitumia kubebea unga, kuni, wagonjwa na timu ya kandanda, nami nikilipwa fedha za mafuta zilipopatikana. Tatizo lilikuwa moja: springi zilikuwa zimechoka, na katika mitaro ile ya njia ya shule tumbo la gari lilikuwa likisugua ardhi. Nikalipeleka Voi kwa fundi ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea. Nikamwambia nataka uvungu.

Fundi hakuniuliza swali hata moja. Aliongeza bapa mbili katika kila springi. Nyuma akatoa zile sheko, yaani vile vipande vya chuma vinavyoning’iniza mwisho wa springi kwenye chesi, akachomelea nyingine ndefu zaidi. Alifungia magurudumu makubwa niliyoyanunua kwa mtu aliyekuwa akivunja gari la mbugani. Kazi ilianza asubuhi, na jioni nilikuwa nikipanda mlima kuelekea nyumbani huku watoto wa njiani wakinipungia mikono. Gari lilikuwa limeinuka kama sentimita 10. Nakiri kwamba nilijiona mtu.

Siku ya tatu nikaanza kuhisi mtetemo. Ulikuja nilipofika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukapotea kidogo, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi nilipokaribia 60. Ulipanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno. Nilirudi kwa fundi; akaniambia, “Mwalimu, hilo ni gari la zamani, litazoea.” Nami nikakubali. Mtu mwenye shahada ya ualimu wa fizikia alikubali kwamba chuma kitazoea!

Hapa namwomba msomaji, hasa mwanafunzi, anivumilie kidogo, kwa maana kiini cha habari hii kimo katika mhimili mmoja. Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi ikaelekea nyuma kwa njia ya chuma kirefu kinachozunguka, ambacho mafundi hukiita propela. Giaboksi imefungwa kwenye chesi, hivyo ukiinua gari nayo huinuka. Lakini ekseli ya nyuma, pamoja na lile tufe la chuma katikati yake liitwalo difu, imekaa juu ya magurudumu, na yenyewe haiinuki. Kwa hiyo propela inayoziunganisha hulazimika kulala kwa mteremko mkali zaidi. Tuchukue mfano wa ubaoni: kati ya giaboksi na difu pana sentimita 100, na difu iko chini kwa sentimita 15. Propela imeinama kwa nyuzi 8 na nusu hivi. Inua gari kwa sentimita 10, nayo tofauti itakuwa sentimita 25, na mwinamo utafika nyuzi 14. Tena propela yenyewe italazimika kurefuka kwa sentimita 2, jambo ambalo huwezekana tu ikiwa ile sehemu yake inayochomoza na kurudi bado ina nafasi ya kuchomoza.

Ili chuma kizunguke huku kimeinama, kila mwisho wake una kiungo chenye umbo la msalaba, na mafundi hukiita krosi. Kiungo hicho ni cha ajabu. Ukikizungusha upande mmoja kwa mwendo usiobadilika, upande wa pili hautazunguka kwa mwendo usiobadilika. Utaongeza kasi na kuipunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa mwinamo wa nyuzi 14 kasi hiyo hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 3. Huenda ukasema asilimia 3 ni nini? Katika gari kama langu, lenye difu inayozungusha propela karibu mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, propela huzunguka mara 33 hivi kwa sekunde gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60. Hayo ni mapigo 66 kila sekunde, kila moja likigonga misumari midogo iliyomo ndani ya krosi.

Waliotengeneza gari walijua jambo hili. Ndiyo maana propela ina krosi mbili, na ncha ya giaboksi hutazamana na ncha ya difu kwa namna ya kwamba pembe za krosi zote mbili ziwe sawa. Linaloharibiwa na krosi ya kwanza hurekebishwa na krosi ya pili, na gurudumu halijui kitu. Lakini zile sheko ndefu zilizochomelewa nyuma ya gari langu ziliishusha ncha moja tu ya springi. Springi ikalala upande, ekseli ikapinduka nayo, na pua ya difu ikatazama juu. Pembe moja ikawa kubwa, nyingine ndogo. Krosi ya pili haikuweza tena kulipa deni la krosi ya kwanza. Huo ndio uliokuwa mtetemo wangu, na hakuna siku ambayo ungezoea.

Muhula wa kwanza wa 2009 nilipakia wanafunzi saba kuwapeleka Voi kwenye mashindano ya sayansi. Walikuwa wamebeba mtambo wao wa kupimia mvua, ambao waliutengeneza wenyewe kwa chupa na waya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katika njia ya udongo, kabla ya kufika lami, gurudumu la mbele upande wa kulia liliingia katika mtaro mrefu na kuning’inia. Nilisikia mlio mdogo, kama wa mtu aliyekata uzi kwa meno. Sikusimama.

Mlio ule ulikuwa wa paipu ya breki. Ile paipu ya mpira inayopeleka mafuta kwenye gurudumu ilikuwa imekatwa kwa urefu wa gari la zamani, gari la kabla ya sentimita 10. Gari lilipoinuliwa, hakuna aliyeibadilisha. Gurudumu liliposhuka mtaroni likaivuta hadi ikapasuka karibu na shingo, na mafuta yakaanza kuvuja pole pole kila nilipokanyaga. Gari lile lilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne.

Wanaoijua barabara ya kuteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate hawahitaji kuelezwa. Ina kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Katika kona ya tatu au ya nne kanyagio la breki likazama hadi sakafuni na halikurudi. Nikashusha gia hadi ya pili, injini ikanguruma na gari likapunguza mwendo. Nikavuta breki ya mkono. Sasa msomaji na ajue jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau: katika Land Rover za kizazi kile, breki ya mkono haishiki magurudumu. Imefungwa nyuma ya giaboksi, nayo huikamata propela, ili propela iyazuie magurudumu ya nyuma. Krosi yangu, iliyokuwa imegongwa kwa miezi kadhaa, ilipokea mzigo huo wa ghafla na kukatika. Kwa pigo moja nikapoteza breki ya mkono na nguvu ya injini ya kuzuia gari pia, kwa kuwa vyote viwili vilipita katika chuma kilekile. Propela ikaanguka na kupiga lami kwa kishindo ambacho bado nakisikia.

Nililielekeza gari kwenye mwamba. Lilisugua, likapanda ukingo wa udongo, kisha likalala ubavu taratibu, kama ng’ombe aliyechoka. Gari la kimo cha kawaida lingesimama pale pale likiwa limeegemea. Ndivyo ninavyoamini, na baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Mvulana mmoja alivunjika mkono karibu na kiwiko. Msichana mmoja alishonwa kwenye paji la uso. Wengine walitoka na michubuko, na mtambo wa mvua ukawa vipande. Sikuwa na la kuwaambia wazazi wao. Mama wa yule mvulana aliniuliza neno moja tu: “Mwalimu, hukujua?”

Swali lile ndilo lililonifanya niandike. Maana nilikuwa nimejua. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha pili nikifundisha kanuni ya Hooke kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya uzito unaoivuta, na nilichora springi nzuri sana ubaoni. Gari langu lilikuwa limeegeshwa nje, mbele ya dirisha. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi wageuze shingo walitazame. Bapa mbili zilizoongezwa kila upande zilikuwa zimeifanya springi kuwa ngumu mno, hata gari tupu likawa linarukaruka na magurudumu kuachana na ardhi. Kanuni ileile, katika chuma, hatua kumi kutoka ubaoni.

Tena kuna kichekesho ambacho nilikigundua baadaye katika kusoma. Robert Hooke, Mwingereza aliyezaliwa 1635, ambaye kanuni yake ya springi ilichapishwa 1678, ndiye pia aliyeeleza miaka miwili kabla ya hapo kiungo chenye umbo la msalaba, akikikusudia kwa vyombo vya kutazamia jua. Nchi nyingi hukiita hadi leo kiungo cha Hooke, ingawa wengine humpa heshima hiyo Cardano, Mwitalia aliyemtangulia. Springi iliyoinua gari langu na krosi iliyolivunja vilikuwa vya mtu mmoja, na mtaala wetu ulinifundisha nusu yake tu.

Aliyenifungulia macho hakuwa kitabu. Gari lilikokotwa hadi kwa mzee mmoja wa Mwatate ambaye alikuwa amefanya kazi ya magari ya mbugani kwa zaidi ya miaka thelathini. Hana cheti. Nilimwita mghosi, kama tunavyowaita wazee wa Taita, naye alinitendea kama mwanafunzi aliyechelewa. Alilala chini ya gari, akatoka, akaokota kijiti, akachora mchangani mistari miwili. “Hii ni giaboksi, hii ni difu,” akasema. “Zikitazama njia moja, gari linaimba. Zikinuniana, linalia.” Kisha akanionyesha kabari, kipande cha chuma kilicho chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, ambacho hutiwa kati ya springi na ekseli ili kuirudisha pua ya difu mahali pake. Alijua pembe kwa kiganja. Nilipomweleza habari za kasi inayopanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko, alinyamaza, akafikiri, akasema, “Kumbe ndiyo sababu.” Miaka thelathini alikuwa na jibu bila swali lake, nami nilikuwa na swali bila kujua kwamba lina jibu Mwatate.

Ni yeye pia aliyeniondolea udanganyifu wa uvungu wenyewe. Aliniuliza kama nimepima chini ya difu. Sikuwa nimepima. Tukapima. Katika gari lenye ekseli ngumu, kuinua springi huinua mwili na chesi, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa. Na katika njia zetu zenye mtaro katikati, aghalabu difu ndiyo inayogonga. Kinachoinua difu ni gurudumu kubwa peke yake, tena kwa nusu tu ya kile kilichoongezeka: gurudumu la kipenyo cha sentimita 75 likibadilishwa kwa la sentimita 82 na nusu, difu hupanda chini ya sentimita 4. Sheko nazo zina unyang’anyi wa namna hiyo. Ukizirefusha sentimita 10, gari huinuka 5. Fedha nyingi nilizolipa zilikuwa zimeninunulia hewa juu ya ekseli, mahali ambapo hakuna jiwe lililowahi kunigonga.

Gurudumu kubwa pia lina gharama yake. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, saa ya mwendo ambayo haikurekebishwa itasema 80 wakati gari linakwenda 88. Dereva wa gari la abiria, ambaye tangu kanuni zilizotiwa nguvu 2004 hapaswi kuzidi 80, atavunja sheria huku akiapa kwa dhati kwamba hakuivunja. Mlimani injini itakuwa nzito, kana kwamba gari limetiwa gia ya juu zaidi, na dereva ataunguza klachi. Breki nazo, ambazo hazikuongezwa kitu, zitashindana na gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Wenye ujuzi huchagua difu yenye meno ya kufidia. Sijaona hilo likifanywa katika gereji ya barabarani.

Halafu liko suala la kitovu cha uzito, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari amelijibu katika mtihani kwa kuchora basi lililoinama. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yametengana kwa mita 1.3, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Likiwa limesimama, litaanza kupinduka likiinamishwa karibu nyuzi 41. Kipandishe kitovu hadi sentimita 85, nalo litapinduka kwa nyuzi 37. Nyuzi nne si nyingi ukiwa na rula mezani. Lakini hizo ni kabla ya kuweka magunia ya viazi juu ya paa, na kabla ya gari kuyumba juu ya springi zake katika kona.

Hapa ndipo ninapoona hatari ya siku hizi kuwa kubwa kuliko ya wakati wangu. Katika muongo wa 2010 barabara ya Mwatate hadi Taveta, ambayo ilikuwa vumbi na mashimo tangu tulipozaliwa, ilitiwa lami. Ni neema kubwa. Hata hivyo magari yaliyoinuliwa kwa ajili ya mashimo hayakushushwa lami ilipokuja. Gari lililotengenezwa ili litambae kwa kilomita 15 katika tope sasa linakimbia zaidi ya 100 likiwa na ndizi nyuma na abiria wanne mbele. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa, na Mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012 ina wajibu huo. Lakini taa na tairi ni rahisi kuziona kuliko pembe ya krosi au paipu ya breki iliyokaza kama kamba ya ngoma.

Sisemi magari yasiinuliwe. Anayesema hivyo hajawahi kumpeleka mama mjamzito hospitalini usiku wa mvua kutoka kijiji cha mlimani. Ninalolalamikia ni ukuta tulioujenga kati ya darasa na gereji. Mwanafunzi anajifunza fizikia kwa Kiingereza, naye fundi anafanya fizikia kwa Kiswahili na Kidawida, na kila mmoja anamdhania mwenzake kuwa hajui. Mji wa Voi una chuo kikuu kilichopata hati yake 2016 na kinachofundisha uhandisi wa migodi. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kijana anachomelea sheko bila kipimo, akitumia jicho moja. Sioni ni nini kinachomzuia mwalimu wa kidato cha pili kuwapeleka wanafunzi arobaini kwenye gereji asubuhi moja wakiwa na rula, kipimapembe na daftari. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu 2010, na yule mghosi, hadi miguu ilipomkataza, alikuwa akija mwenyewe darasani na krosi iliyokatika ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Wanafunzi hawakuwahi kusinzia katika kipindi chake, jambo ambalo siwezi kusema juu ya vyangu.

Land Rover langu nililirudisha katika kimo chake. Springi mpya za kiasi, sheko za asili, magurudumu ya kawaida. Katika mtaro mbaya nashuka na kutafuta mawe ya kujazia.

Mvulana aliyevunjika mkono sasa ni mtu mzima, na mkono wake haunyooki mpaka mwisho. Anaendesha Probox kati ya Voi na Wundanyi. Mwaka jana alinikuta kituoni, akanibebea mkoba, akanifungulia mlango wa mbele. Gari lilikuwa limeinuliwa. Nyuma na mbele alikuwa ametia spesa juu ya springi. Nilibaki nimesimama. Akanitazama, akaelewa, akacheka kidogo. “Mwalimu,” akasema, “bila uvungu siwezi kuwafikisha watu wa Mgange wakati wa mvua.” Nikampa mkoba ashike tena, nikapiga magoti hapo hapo mbele ya abiria, nikachungulia ndani ya gurudumu. Paipu ya breki ilikuwa mpya, ndefu, na imelegea vizuri. Nikapanda, tukaenda.